Fundi Bawaba na Mlango Alioung'oa

Jina la Bawaba alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuna aliyejua kutundika mlango kama yeye. Mlango wake ulifunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Ukiuacha nusu wazi, unaukuta pale pale. Mwanzoni alichukia kuitwa hivyo, lakini hata mkewe alipoanza kumtania kwamba kaolewa na chuma, akaona hana ujanja, akaitika.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, mbele kumeegemezwa mbao, ndani takataka za randa zimejaa mpaka zinafunika viatu. Alikuwa na tabia ya kupapasa ubao kwa kiganja kabla ya kuupiga msumari, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimpige teke. Wateja wake walikuwa wa hapa na pale, anayetaka kiti, anayetaka kabati la vyombo. Ila kazi ya uhakika, ile inayomfanya mtu aamke asubuhi bila hofu, alipewa na mtu mmoja tu.

Huyo alikuwa mwenye nyumba kadhaa za kupangisha mtaani, na watu walimwita Mzee Rangi. Kila mwaka alizipaka nyumba zake rangi mpya upande wa barabarani. Kulikuwa na nyumba ya buluu, ya kijani, ya rangi ya maziwa, zote zinang'aa kama zimevaa kwenda harusini. Ukiingia ndani, paa linavuja na ukuta wa choo umeota ukungu. Mpangaji akilalamika, Mzee Rangi anamsikiliza kwa adabu, anatikisa kichwa, anasema, "Nimekusikia, mwanangu." Na kweli alikuwa amesikia. Huo ndio ulikuwa mwisho wake.

Bawaba na mkewe walikaa katika moja ya nyumba hizo, chumba na sebule, uani kuna bomba lao wenyewe. Watoto wao walikuwa wakubwa, wameshatawanyika na maisha yao. Mkataba wa maandishi hawakuwa nao. Walikubaliana kwa mdomo: fundi atashughulikia milango na madirisha ya nyumba zote, na kodi ya pango itakuwa imo humo humo. Mkewe, aliyekuwa mpishi wa shule ya chekechea, alikuwa akiwaambia wenzake kazini, "Mimi mwenzenu nimepata mume mwenye nyumba asiye na nyumba," wote wakacheka.

Kitu ambacho mkewe hakukijua ni kwamba kushughulikia milango kulikuwa na upande wa pili. Mzee Rangi akitaka mpangaji ahame, hakugombana naye wala kumpelekea notisi. Alimwagiza Bawaba akang'oe mlango. Basi. Mtu atalalaje katika chumba kilicho wazi kama banda la sokoni? Vitu vyake ataviacha na nani? Siku hiyo hiyo au kesho yake, mpangaji anafunga mizigo mwenyewe, tena kimya kimya kwa aibu.

Bawaba alifanya kazi hiyo asubuhi, watu wakiwa wametoka. Aliifanya kwa unadhifu. Hakuvunja fremu, hakukwaruza ukuta, skrubu alizifunga kwenye kitambaa zisipotee. Alijiambia kwamba mlango ni mali ya mwenye nyumba, na mtu akichukua chake hajaiba. Alijiambia pia kwamba yeye ni wa kutumwa. Na kwa kuwa wapangaji hakuwahi kuwakuta, hakuwahi kuona uso wa mtu anayerudi jioni na kukuta tundu mahali pa mlango, usingizi wake haukuwa na tatizo.

Mambo yaligeuka kwenye ile nyumba ya buluu.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo alikaa dada mmoja aliyefanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi mkubwa mjini. Alikuwa mpangaji wa miaka mingi, kodi yake haijawahi kuchelewa, na kizingiti chake kilifagiwa kila siku. Shimo la maji machafu lilipojaa na kuanza kufurika chini ya dirisha lake, alimwendea Mzee Rangi. Akaambiwa amesikika. Akaenda tena. Akasikika tena. Safari ya tatu hakwenda kwake. Alikwenda kwa bwana afya, akamleta mpaka uani, akamwonyesha kwa kidole. Mzee Rangi akatozwa faini, na shimo likanyonywa mbele ya majirani waliojipanga kuangalia wakiwa wameziba pua.

Siku chache baadaye Mzee Rangi alifika karakana, amevaa shati lililonyooka, akasimama mbali kidogo asishike vumbi.

"Fundi, kesho nenda nyumba ya buluu. Chumba cha nyuma."

"Mlango una shida gani, mzee?"

"Mlango hauna shida. Mwenye shida ni anayelala ndani. Ung'oe, uupeleke stoo."

Bawaba aliacha randa. Yeye pia alikuwa amesikia habari za bwana afya. "Kwani halipi?"

"Analipa. Na hapo ndipo kiburi kinapotokea, analipa kisha anajiona nyumba ni ya mamake. Tena kavunja mkataba. Mkataba unasema atakaa peke yake, sasa kamleta babake bila hata kuniambia. Au unaona namwonea?"

Kulikuwa na jibu, na Bawaba alilihisi kabisa linapanda kooni. Likapanda, likafika, likarudi lilikotoka. Alifikiria chumba na sebule, akafikiria bomba la uani na mkewe anavyoimba akifua.

"Hapana, mzee," alisema. "Nitapita asubuhi."

Asubuhi hiyo uani palikuwa kimya. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa nje, kama alivyotarajia. Alifungua skrubu za komeo, akalitoa na kufuli lake, akausukuma mlango ili azifikie bawaba kwa ndani. Ukafunguka ukilia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kitandani ameketi mzee. Amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, kofia iko magotini, miguu ameiweka pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Bawaba alishtuka, bisibisi nusura imponyoke. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umechelewa lakini umefika." Mzee alitabasamu. "Nimemwambia binti yangu kila siku, aite mtu autazame huu mlango, unalia mno. Kumbe ameita. Mtoto msikivu yule."

Ilimchukua Bawaba muda mfupi tu kutambua kwamba akili za mzee zilikuwa zinakuja na kuondoka, na kwamba lile kufuli la nje lilikuwa limewekwa kwa ajili yake. Angeweza kulirudisha komeo pale pale na kwenda zake. Angeweza kumwambia Mzee Rangi kwamba ndani kuna mtu, kazi imeshindikana. Hayo aliyafikiria vizuri sana, kwa mpangilio, huku mkono wake ukiendelea kuzungusha bisibisi, maana mkono ulikuwa umezoea.

Alipofika kwenye skrubu ya mwisho, mlango ukayumba. Mzee akainuka, akaja kuushika upande wa pili usianguke.

"Polepole," alisema. "Polepole mwanangu, usije ukajibana kidole."

Wakaushusha pamoja. Bawaba akaubeba begani. Mzee alisimama kwenye tundu la mlango, anamwangalia kwa imani kabisa.

"Utaurudisha saa ngapi?"

"Baadaye, mzee."

"Haya. Mungu aibariki mikono yako."

Akaondoka na mlango. Njiani hadi stoo ulimwelemea kuliko milango yote aliyowahi kubeba, ingawa ulikuwa wa mbao nyepesi, wa bei rahisi. Kati ya yote aliyofanya asubuhi ile, neno "baadaye" ndilo lililoanza kumtafuna kwanza. Kung'oa alikuwa ameagizwa, lakini hilo neno alilitunga mwenyewe.

Jioni mkewe alimwekea chakula, akakichokora tu.

"Unaumwa?"

"Tumbo."

"Tumbo lipi hilo linalokutoa macho hivyo?"

Akaenda kulala mapema.

Alitegemea kusikia kwamba dada mpiga pasi amehama, mambo yaishe. Hakuhama. Alitundika shuka kwenye fremu, akasukuma kabati likaziba nusu ya tundu, akaomba ruhusa kazini akakaa kumlinda babake. Aliwaambia majirani, "Kodi nimelipa, sitoki. Akitaka nitoke aende kwenye baraza la nyumba, wanipe sababu." Habari hizo Bawaba alizipata kwa muuza misumari, naye akazipokea kama mtu anayesikia habari za ng'ambo.

Lakini kazi ya watu haina subira. Dobi alimtumia yule dada ujumbe kwamba asiporudi wapo wengine wanaojua kushika pasi. Ikabidi aende. Alimwomba jirani mmoja amwangalie mzee, na jirani akakubali kwa moyo mmoja, akaweka kiti chake mbele ya lile shuka, akakaa anachambua mboga. Akaenda bombani kujaza ndoo. Aliporudi, shuka lilikuwa linapeperuka na kitanda ni kitupu.

Mke wa Bawaba ndiye aliyeileta habari hiyo karakana, anahema, bado amevaa aproni ya kazini.

"Funga haraka twende. Kuna mzee kapotea, babake yule dada wa nyumba ya buluu. Mtaa mzima uko njiani unamtafuta. Hebu fikiria, mtu na utu wake anamtolea mzee kama yule mlango! Nimkamate mimi huyo fundi wao!"

Bawaba aliinama kutafuta kufuli la karakana, na akaendelea kulitafuta ingawa lilikuwa mkononi.

Walitafuta mchana kutwa. Walipita sokoni, nyuma ya shule, kwenye vichochoro vya mafundi magari. Katika kundi lao kijana mmoja aliuliza, "Kavaa nini?" na kila mtu akawa anamwangalia mwenzake. Bawaba akasema, "Koti la kijivu. Vifungo vyote kavifunga. Na kofia."

"Umemwona wapi?"

"Nimesikia tu."

Mkewe aligeuka, akamtazama. Tangu hapo alitembea hatua kadhaa mbele yake.

Mzee alipatikana jua likiwa karibu kuzama, na waliompata ni mafundi wa reli. Enzi zake alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli, kazi yake kushusha na kuinua kizuizi magari yapite, na siku hiyo alikuwa ameamka akijua kabisa kwamba amechelewa zamu. Kivuko chenyewe kilikuwa kimeshaondolewa. Alikitafuta, akakikosa, akateleza kwenye mtaro wa kando ya reli, akavunjika nyonga. Alikuwa amelala humo saa nyingi, na walipomtoa aliwauliza kama treni ya mchana imeshapita salama.

Bawaba na mkewe walirudi nyumbani bila kuzungumza. Mkewe aliwasha taa, akakaa, akakunja aproni yake magotini.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Na mingine? Ile ya nyumba ya kijani, yule mama aliyehama na mtoto mchanga tukamsaidia kubeba godoro?"

"Na ile pia."

Mkewe alizungusha macho polepole, akaangalia dari isiyovuja, pazia, na mlango wao wenyewe uliotundikwa vizuri kuliko milango yote ya mtaa. "Kwa hiyo hapa tunalipia kwa kazi hiyo. Miaka yote hii mimi nafagia, napanga, najisifu kwa wenzangu, kumbe nimelalia milango ya watu."

"Nilikuwa natumwa, bibie."

"Na mimi nani alinituma nile na wewe?"

Bawaba aliona heri angetukanwa.

Alikwenda hospitali baada ya kuzunguka geti lake mara kadhaa kama mwizi. Mzee alikuwa amelala, mguu umevutwa kwa uzito, uso umepungua. Binti yake amekaa kando kwenye kigoda, anamkunjia shuka kwa mikunjo iliyonyooka, ile ya mtu wa pasi.

"Dada, samahani. Mimi ndiye fundi niliyekuja…"

"Nakujua," alimkata. "Jirani alikuona umebeba."

"Sikujua kama ndani kuna mzee."

Yule dada aliacha kukunja. "Ulipofungua ulimwona au hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi ulijua." Hakupaza sauti, kulikuwa na wagonjwa. "Unajua kinachonikosesha raha? Mimi ndiye niliyekuwa namfungia na kufuli. Kila asubuhi nikilibana naona kama mimi ni mchawi, namfungia baba yangu mzazi kama mbuzi. Lakini nikirudi jioni namkuta. Kakaa, kavaa koti lake, ananiuliza habari za kazi. Namkuta, unanielewa?"

"Nakuelewa, dada. Naomba unisamehe."

"Mimi sasa hivi sina mahali pa kuuweka msamaha wako. Nina mgonjwa hapa, na nina kesi kwenye baraza la nyumba wiki ijayo. Kama una la kusema, njoo uliseme kule, mbele ya aliyekutuma. Huku unaniongezea mzigo tu."

Mzee alifumbua macho wakati huo, akamwangalia Bawaba, asimtambue. Akafumba tena. Bawaba alitoka akiwa na mawazo kwamba hata kutambuliwa hakustahili.

Mzee Rangi alikuwa na habari zote. Alikuja nyumbani kwa fundi usiku haujaingia, akakaribishwa kiti, akakaa upande kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Fundi, mambo madogo haya, tusiyakuze," alisema kwa upole. "Ukiitwa kule baraza, sema ulikuta mlango mbovu, unalia, ukautoa ukautengeneze. Kazi zikakubana, ukachelewa kuurudisha. Basi. Nani atakulaumu? Mafundi wote huchelewa."

Uongo huo haukuwa wa mbali. Ndivyo yule mzee wa koti alivyoamini, na ndivyo Bawaba alivyomwachia aamini. Angeusema bila kutunga hata neno moja jipya.

"Na nikisema vingine?"

Mzee Rangi aliinuka, akapapasa ukuta wa sebule. "Hapa pamekaa vizuri," alisema. "Panahitaji rangi tu." Akaaga kwa heshima zote, akamuaga na mke wa fundi.

Alipotoka, Bawaba alimgeukia mkewe. Tangu siku ile walikuwa wakizungumza maneno ya lazima tu, chumvi iko wapi, bomba limekatika.

"Unasemaje?" alimuuliza.

"Mimi vyombo vya kabatini nimeshaanza kuvifunga kwenye magazeti," alisema mkewe. "Sasa wewe amua kama utavibeba au utavifungua."

Baraza lilikaa katika chumba kirefu chenye madawati na feni isiyozunguka. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani ameivuta hadi ncha ya pua, anauliza maswali bila haraka kama anayechambua mchele. Alimsikiliza kwanza dada mpiga pasi, kisha Mzee Rangi, ambaye alisimama na kueleza kwamba mpangaji huyu kavunja mkataba kwa kuleta mtu wa pili, kisha akawa anamfungia mzee ndani, mwisho kamchafulia jina kwa serikali. Habari za mlango, alisema, ni za matengenezo, fundi yupo ataeleza.

Fundi akaitwa. Alisimama, mikono haijui ikae wapi, mwishowe akaiweka nyuma.

"Mlango uliutoa wewe?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Ulikuwa mbovu?"

"Ulikuwa unalia. Lakini sikuutoa kwa sababu hiyo. Niliambiwa niung'oe ili mpangaji ahame."

Kulitokea mnong'ono. Mzee Rangi alitazama dari.

"Ulionyeshwa amri ya baraza hili au ya mahakama?"

"Hapana."

"Uliuliza kama ipo?"

"Sikuuliza."

"Umeshang'oa mingine?"

"Nimeng'oa mingi."

"Na hiyo yote hukuuliza."

"Sikuuliza hata mara moja," alisema Bawaba. "Chumbani nilimkuta mzee. Alinisaidia kuushika mlango usianguke. Aliniuliza nitaurudisha lini, nikamwambia baadaye. Hilo hakuna aliyenituma kulisema."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitaji. Kisha akazungumza na chumba kizima. Alisema nyumba ni ya mwenyewe, hilo halina ubishi, lakini akishampangisha mtu na kupokea kodi, chumba kile ni makazi ya mpangaji mpaka mkataba uishe kwa njia halali. Mwenye nyumba ana wajibu wa kutengeneza paa, mifereji na vyoo, na akitaka kuingia chumbani atoe taarifa. Akitaka mpangaji atoke, ampe notisi ya maandishi yenye sababu na muda, na wasipoelewana waje hapa. Kung'oa mlango, kukata maji, kuezua bati, yote hayo ni kumfukuza mtu kwa nguvu. Mpangaji naye ana yake: alipe kwa wakati, atunze chumba, asisumbue wenzake.

"Na wewe, binti," alimgeukia dada mpiga pasi, "ulipomleta baba ulipaswa kumjulisha mwenye nyumba. Hukufanya hivyo, na hilo ni kosa. Kumfungia mzee peke yake nalo ni hatari, siku moja moto ukitokea utajilaumu. Lakini makosa yako yalikuwa ya kuandikiwa barua. Hayakuwa ya kung'olewa mlango."

Dada alilia hapo kwa mara ya kwanza, na alicholilia hasa, aliwaambia wenzake baadaye, ni lile kufuli.

Mzee Rangi aliamriwa kurudisha mlango siku ile ile, kugharamia matibabu na kumlipa mpangaji fidia. Bawaba alitoka akidhani ataona mwanga kidogo moyoni, kama watu wanavyosema mtu akishatua mzigo. Hakuuona. Alikuwa amesema kweli, na nyonga ya mzee ilikuwa bado imevunjika.

Yeye na mkewe walipata notisi. Safari hii Mzee Rangi alifuata utaratibu: barua, sababu, muda. Mwanafunzi mzuri, alisema mkewe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja baada ya siku nyingi, ingawa kicheko hakikufika mbali. Walihamia chumba kimoja upande wa pili wa barabara kuu, ambako bomba ni la watu wote na foleni yake huanza alfajiri. Wenye nyumba wengine nao waliacha kumpa Bawaba kazi. Fundi anayesema mambo ya watu barazani, nani anamtaka? Akabaki na viti na makabati.

Mzee alirudishwa nyumbani, lakini hakutembea tena. Mke wa Bawaba, bila kumuuliza mumewe wala mtu yeyote, alimwendea dada mpiga pasi akamwambia, "Mimi kazi yangu huisha mchana. Niache nikae na baba mpaka utakaporudi." Dada alimtazama sana, akajua ni mke wa nani, akakubali. Kwa Bawaba hakukubali. Alipompelekea kitanda chenye kingo alichokitengeneza kwa mbao nzuri kuliko zote za karakana, kilirudi na mkokoteni ule ule uliokipeleka. Hakuna maneno yaliyoambatana nacho.

Kwa hiyo jioni alikwenda kumsubiri mkewe kwenye geti la nyumba ya buluu, asivuke. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa na fundi mwingine, na haukuwekwa sawa. Ulikwaruza sakafu kila ulipofunguliwa, bawaba ya chini imekaa vibaya, ukihitaji kuinuliwa kidogo tu, kazi ya dakika chache. Bawaba alisimama pale getini akiusikia unavyokwaruza, mikono mifukoni, na hapakuwa na namna.

"Mzee leo kaniuliza kama nimeolewa," mkewe alimsimulia njiani siku moja.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo, na fundi. Akasema nina bahati, mafundi ni watu wa kuaminika."

Bawaba alisimama barabarani, akajifanya kufunga kamba za viatu mpaka macho yalipokauka.

Misimu ikapita hivyo. Mzee alifariki taratibu, kitandani kwake, mchana, mke wa Bawaba akiwa amemshika mkono. Msibani Bawaba alikaa na wanaume wa nyuma kabisa, akapanga viti, akavirudisha vilikotoka. Dada mpiga pasi alipita mbele yake mara mbili bila kumwambia kitu, na yeye aliona hiyo ni haki yake.

Kwa hiyo alishangaa siku alipoinua macho karakana akamkuta amesimama mlangoni, ametoka kazini, ananukia wanga wa nguo.

"Kuna mama kule nyuma ya kinu cha mahindi," alisema bila salamu. "Wamemng'olea mlango asubuhi. Nimeshamwonyesha baraza lilipo. Fundi aliyeng'oa ni yule kijana mwenye kibanda karibu na pampu ya mafuta. Mlango bado yupo nao."

"Unataka nifanye nini, dada?"

"Mimi nikimwambia atanijibu ovyo. Wewe huenda akakusikiliza." Alisita kidogo. "Sijasema nimekusamehe."

"Najua."

"Basi nenda kabla hajaupeleka kwa mwenyewe."

Akaondoka. Bawaba alijipangusa vumbi, akafunga karakana, akaenda. Alimkuta yule kijana anapiga msasa meza, mlango wa watu umeegemezwa ukutani nyuma yake, skrubu zake zimefungwa vizuri kwenye kipande cha kitambaa. Kijana alimjua kwa sifa, akafurahi, akamwita kaka mkubwa, akafuta benchi kwa mkono ili mgeni akae.

"Kaka, karibu. Umekuja kuniazima randa nini?"

"Hapana," alisema Bawaba. Akakaa. "Huo mlango nyuma yako, ndani ulimkuta nani?"

Kijana aliacha msasa. Akaanza kusema kwamba yeye alitumwa tu, lakini sentensi haikufika mwisho, na Bawaba akamsubiri, hana haraka, mpaka kijana mwenyewe alipovuta kigoda na kuketi mbele yake.